Nilimshika Mama Mikono Gizani

Kwanza nimjibu yule dada wa Ilemba aliyenitumia ujumbe akisema, "Leonia, wewe ni mtoto mwema, Mungu atakulipa." Dada yangu, ufute huo ujumbe. Ukimaliza kusoma ya leo utaona haya kwamba uliwahi kuuandika.

Kwa wewe uliyelikosa toleo lililopita, au umeliokota gazeti hili limefungiwa maandazi, nitakupa kwa kifupi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kibarazani kwa Bi Sauda hapa Sumbawanga mjini. Mama yangu, Mama Lucia, yuko Matai, na macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Tuko wawili tu kwake, mimi na mdogo wangu Kornel. Miaka kumi na moja iliyopita baba aliugua, nikamuuguza mimi. Kornel alikuwa Mbeya na kikundi chake cha nyimbo. Niliwaeleza kwamba nilimpigia simu aje, akanijibu hawezi kuacha onyesho. Baba akafariki Ijumaa, tukamzika Jumamosi, Kornel akafika Jumatatu. Mama hakumpokea. Kornel akageuzia pale pale mlangoni, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena Ufipa.

Mwezi uliopita Muhidin, mtoto wa Bi Sauda anayesimamia mabasi ya familia yao, alirudi kutoka Dar es Salaam na habari. Ameiona picha ya Kornel, kubwa kama mlango wa gereji, imebandikwa kwenye Jumba la Azimina, lile jumba la zamani la michezo ya jukwaani. Kornel ametunga igizo la nyimbo, na muimbaji mkuu ni yeye mwenyewe.

Mama aliposikia alisema neno moja tu. "Nipelekeni."

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kufika Krismasi hata huo mwanga utakuwa umezimika. Mama alitaka kukiona kivuli cha mwanawe kabla hajaingia gizani moja kwa moja. Muhidin, kijana mwenye roho nzuri, akatupa viti viwili vya mbele kwenye basi na tiketi mbili za jumba.

Toleo lililopita niliwaacha mlangoni mwa jumba hilo, saa nane mchana, na mlinzi amelishika kapu la mama.

"Humu kuna nini, mama?" mlinzi aliuliza. Kifuani alikuwa ameandikwa Maganga.

"Shikamoo yangu iko wapi?" mama akamuuliza.

Maganga akacheka kwa aibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Humo kuna migebuka na unga wa ulezi. Ni vya mwanangu."

Maganga akafunua kitambaa. Jamani! Migebuka ya Kasanga iliyokaushwa, imesafiri siku nzima na usiku kucha ndani ya basi. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yetu, wamejipulizia marashi na kuvaa viatu vya visigino, walirudi hatua tatu nyuma.

"Samaki haingii, mama. Sheria ya jumba."

"Kwani wao hawali?"

"Wanakula, lakini si humu. Mwanao anaitwa nani?"

"Kornel."

"Kornel yupi?"

Mama akainyooshea mkono ile picha asiyoiona. "Huyo ukutani. Binti yangu kaniambia yuko ukutani."

Maganga akaitazama picha. Akamtazama mama, uso kwa uso. Kisha akalipokea lile kapu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Nenda ukakae, mama. Kapu hili nitamfikishia mwenyewe, mkononi."

Shikeni hilo la kapu. Mimi sikulishika, na ndilo lililonimaliza.

Jumba lenyewe sitalieleza sana, maana sikwenda kununua. Ni refu ndani kama kanisa, viti vyekundu mstari kwa mstari, na juu roshani mbili zenye nakshi za tangu ukoloni. Mama alipapasa kiti chake, kikajikunja, akashtuka.

"Leonia, kiti kinanikataa."

"Kikandamize, mama. Hivyo. Kaa."

Akakaa kwenye ncha ya kiti, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu nililomshonea mwaka wa maziko ya baba. Mara taa zote zikazimika.

"Haya, umeme umekatika," mama akasema kwa sauti.

Watu wa nyuma wakacheka. Nikahisi masikio yananiwaka moto. "Wamezima makusudi, mama. Ndivyo wanavyofanya."

"Wazime makusudi, na mimi ninavyokitafuta hiki kimwanga changu?"

Hapo ndugu msomaji nikueleze jambo moja, bila hilo hutanielewa.

Kwetu Ufipa, nyumbani tulikolelewa, mtoto aliyetoka safari haingii tu ndani na begi lake. Anapiga magoti mlangoni, anavikunja viganja kidogo kama anayeteka maji, anapiga makofi taratibu. Pu, pu, pu. Walio ndani wanaitikia vilevile, pu, pu, pu. Ukiitikiwa, umepokelewa, ingia ule. Hayafanani na haya makofi ya kushangilia yanayopasuka. Yale ni mazito, yanatoka tumboni mwa kiganja.

Na mama alitujua kwa makofi yetu tangu tukiwa wadogo. Ya Kornel yalikuwa na haraka, la mwisho linawahi. Ya kwangu yamepwaya, kwa sababu sindano ya cherehani ilinitoboa kidole cha kati nikiwa na miaka kumi na tano, na hakijanyooka hadi leo. Hata nipige nikiwa nje ya uzio, mama aliye jikoni atasema, "Leonia huyo, mwenye kidole."

Jumatatu ile Kornel alipofika msibani, alipiga magoti mlangoni akapiga. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka wa matanga. Hakuitikia. Kornel akapiga tena. Hakuitikia. Mara ya tatu mikono ya mama ilitikisika, niliiona kwa macho yangu, lakini akaifunga ndani ya khanga. Kornel akainuka akaenda zake.

Ndicho kilichomtoa mama Matai akiwa na miaka sabini na moja. "Hata kama alisema nyimbo kwanza baba baadaye," aliniambia ndani ya basi tukiipita Laela, "nilimwacha mwanangu amepiga magoti. Nakwenda kumwitikia."

Basi pazia likafunguka.

Ngoma zikaanza, kisha sauti ya Kornel. Mama aliishika ile sauti kabla sijamwona mtu mwenyewe jukwaani. Vidole vyake vikanizama kwenye mkono.

"Ni yeye."

"Ni yeye, mama."

"Amekonda?"

"Hapana. Amenenepa kidogo. Ana ndevu."

"Ndevu! Baba yake hakuwa na ndevu." Akacheka, machozi yanamtiririka. "Nakiona kivuli, Leo. Kile kinachotembea ni yeye?"

"Ndiyo, ni yeye."

Nilidanganya. Kile kilichokuwa kinatembea alikuwa mpiga zumari. Kornel alikuwa amesimama pembeni. Lakini mama alikuwa amefurahi, ningemwambiaje?

Igizo lilikuwa la kijana aliyetoka uwanda wa juu, kwenye matuta ya maharage na baridi ya Julai, akaenda kuimba mbali. Nilianza kutulia. Nikasema moyoni, kumbe ni hadithi tu, kila mtu aliyeondoka kwao anaweza kuitunga.

Ndipo akatoka mwanamke mmoja jukwaani, ameviringisha futi ya fundi shingoni.

Futi ya kupimia nguo! Yule mwanamke akachukua simu, taa ikammulika peke yake, akaimba kwa sauti tamu kuliko zote nilizosikia siku ile:

"Baba hajambo, mdogo wangu, baba hajambo. Maliza shughuli zako, ndipo uje."

Msomaji, rudi juu. Pale niliposema nilimpigia Kornel aje, akanijibu hawezi kuacha onyesho, pafute. Nanyi pia nimewadanganya, toleo baada ya toleo.

Ukweli ni huu. Nilimpigia mara moja, Jumatano mchana, hakupokea. Nilikuwa nimekasirika. Miezi mitatu nilikuwa nafua mashuka ya baba, namgeuza, namlisha uji, na kila mgeni akiingia baba anauliza, "Kornel amekuja?" Mimi niko hapo na kijiko mkononi. Kornel amekuja?

Jioni ile ile Kornel akapiga. "Dada, nimeona namba yako. Baba anaendeleaje? Nianze safari?"

Nikamjibu maneno yale yale, neno kwa neno. Baba hajambo. Maliza shughuli zako, ndipo uje.

Nilidhani baba angefika Jumapili. Wallahi nilidhani hivyo! Nilitaka Kornel aje akute kila kitu kimeshafanywa na mimi, baba amekaa nje anaota jua, aseme, "Asante dada." Baba akafa Ijumaa. Mama akaniuliza, "Kornel ulimwambia?" Mdomo wangu wenyewe ukajibu, "Nilimwambia. Kasema hawezi kuacha onyesho."

Sentensi moja. Tangu hapo nimekuwa nailisha kila mwaka isife. Mama hana simu, kwa hiyo kila Kornel alipompigia alinipata mimi. Nikamwambia kwamba mama hataki kulisikia jina lake. Mama akiuliza kama Kornel amepiga, nasema hajapiga. Kila mmoja nikawa nimempa nusu yake ya uongo.

"Leo," mama akaninong'oneza pale gizani. "Huyo anayeimba ni nani?"

"Ni dada mtu. Ndani ya mchezo."

"Anasema nini?"

"Sikumsikia vizuri, mama. Ngoma zilikuwa kubwa."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza kabisa.

Mama aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaurudisha mapajani kwake.

Sikupata hata muda wa kuvuta pumzi. Taa zikabadilika, jukwaani ukabaki mlango mtupu wa mbao, hauna nyumba. Kornel akaja hadi mbele yake. Akapiga magoti. Akavikunja viganja.

Pu, pu, pu. La mwisho likawahi.

Jumba zima kimya. Watu mia ngapi sijui, hata kikohozi hakikusikika. Walidhani ni mchezo.

Pu, pu, pu.

Nikasikia kiti cha mama kikijikunja. Nilipogeuka sikumwona. Alikuwa ameshashuka chini, kati ya viti, amepiga magoti juu ya zulia la watu na gauni lake la bluu. Akaitikia.

Pu. Pu.

"Shhh!" mtu akatunyamazisha nyuma yetu. "Nani huyo? Mpe heshima mwigizaji!"

Msichana mmoja akaangua kicheko. Na mimi, mtoto mwema wa dada wa Ilemba, unajua nilifanya nini? Nilimshika mama mikono. Niliikamata yote miwili kabla ya kofi la tatu, nikaikandamiza kwa nguvu.

"Mama, acha! Watu wanatutazama!"

"Niache nimwitikie mwanangu!"

"Si wakati wake! Ni mchezo huu!"

Juu roshani kuna mtu alidhani ndiyo zamu ya kushangilia, akapiga makofi. Mwingine akafuata, na mwingine. Mara jumba zima likalipuka, makofi, miluzi, watu wanasimama.

Mama alikuwa bado amepiga magoti, mikono yake mikononi mwangu. "Mbona wote wanaitikia?" aliniuliza kwa mshangao. "Kwani wote wameacha watoto mlangoni?"

Jukwaani Kornel hakuinama kushukuru. Alikuwa ameinuka, amefika kwenye ukingo kabisa, ameweka mkono juu ya macho kuikinga ile taa. Nadhani yale makofi mawili aliyasikia. Hakuna mtu wa Dar es Salaam anayepiga vile.

"Nani?" aliuliza. Haikuwa sehemu ya igizo, sauti yake ilikwaruza. "Nani huyo?"

Watu wakacheka na kushangilia tena, wakidhani ni maneno yake.

"Ananiita," mama akasema.

"Hakuiti wewe, mama. Ni maneno ya mchezo."

"Mwambie nipo hapa. Paza sauti, Leo, wewe una kifua."

Nilikuwa na kifua. Nilikuwa na ulimi, na meno, na kila kitu. Nikanyamaza. Kornel akasubiri pale ukingoni kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye ule mlango wake, akamalizia igizo.

Pazia lilipofungwa, watu wakaanza kutoka. Nilimkalisha mama, nikamwambia asubiri, naenda nyuma ya jukwaa kumtafuta Kornel. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Nilimkuta kwenye mlango wa nyuma, anajipangusa rangi usoni kwa taulo. Alinitazama sekunde mbili hivi. Taulo likaanguka.

"Dada!"

Akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha sakafu. Ana nguvu kama za baba. "Dada Leo! Umekuja! Uliona? Uliona nilivyokuweka na wewe?"

"Niliona."

"Yule mwenye futi. Watu wote mle ndani nimewaandika wabaya, hata mimi mwenyewe. Wewe peke yako nimekuandika mwema." Akanishika mabega. "Najua hukujua kwamba baba anaondoka. Ulinionea huruma nisikose kazi. Sijawahi kukulaumu hata siku moja, dada."

Angenipiga kibao ningeshukuru.

"Nilisikia makofi," akaendelea, macho yananitafuta usoni. "Mawili. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapana. Ya kwako yana kidole." Akashusha sauti. "Leo, usinifiche. Mama yuko humu?"

Hatua ishirini. Kati ya mama yangu na mwanawe zilikuwepo hatua ishirini na pazia moja. Nikapiga hesabu yangu ya kishetani pale pale. Wakikutana, swali la kwanza la mama litakuwa, "Kwa nini ulikataa kuja?" Na jibu la kwanza la Kornel litakuwa, "Dada aliniambia baba hajambo."

"Mama alibaki Matai," nikasema. "Macho hayamruhusu kusafiri. Na bado hataki. Mpe muda."

Niliona uso wake ukizimika. Akaokota taulo, akalikunja vizuri, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sawa, dada. Nitampa muda." Akajaribu kutabasamu. "Lakini unanukia migebuka. Nimesahau hata..."

"Bwana Kornel!"

Tukageuka wote wawili. Maganga alikuwa anakuja kwenye ukumbi mwembamba, kapu mikononi, uso umejaa furaha.

"Mzigo wako, bwana! Mama yako kaniachia pale mlangoni. Nilimwahidi nikupe mkononi. Mama mwenye heshima yule! Kanidai shikamoo kabla ya kitu chochote. Bado kakaa mle ndani, mstari wa sita, peke yake."

Kornel akalitazama kapu. Akanitazama mimi. Akakimbia.

Nilimfuata. Nilipolifungua pazia la pembeni, jumba lilikuwa limebaki tupu, taa zote zimewashwa, mfagiaji mmoja anaokota makaratasi kule juu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mgongo wima vilevile.

Kornel alisimama mbali kidogo naye. Kisha akashuka magotini palepale kwenye njia kati ya viti, na rangi yake usoni, na mavazi yake ya mchezo.

Pu, pu, pu.

Mama akageuza kichwa. Akashuka kwenye kiti, akapapasa zulia, akapiga magoti akielekea sauti ilikotoka.

Pu. Pu. Pu.

Alilipiga lile la tatu kwa nguvu zake zote. Kornel akatambaa hadi kwake, mama akaanza kumpapasa uso, paji la uso, pua, ndevu. "Hizi ndizo ndevu," akasema. "Leonia kaniambia una ndevu. Hilo hakunidanganya."

"Mama," Kornel akasema huku analia kama mtoto, "dada aliniambia baba hajambo. Aliniambia nimalize shughuli zangu. Hakujua, mama, usimlaumu, hakujua!"

"Nimesikia, mwanangu. Yule mwenye sauti tamu ameniimbia yote." Mama alikuwa bado anampapasa. "Yaliyokufa ni macho, si masikio. Nilimuuliza dada yako pale gizani, anasema nini huyo, nikitaka aniambie mwenyewe. Nilimfungulia mlango. Akasema ngoma zilikuwa kubwa."

Kornel akaacha kulia. Aliinua kichwa polepole, akanitazama. Pale ndipo alipoelewa, niliona kabisa, kama mtu anayesoma barua hadi mstari wa mwisho. Yule dada mwema wa igizo alifia machoni pake nikimwangalia.

Nilijua la kufanya. Mtoto yeyote wa kwetu analijua. Nikaenda hadi mwisho wa mstari wa sita, nikapiga magoti juu ya lile zulia jekundu. Nikavikunja viganja vyangu, pamoja na kidole changu kisichonyooka.

Pu, pu, pu. Yakatoka yamepwaya kama siku zote.

Mikono ya mama ilikuwa mashavuni mwa Kornel. Haikutoka.

Nikapiga tena. Mfagiaji kule juu akasimama na ufagio wake akatuangalia.

Nikapiga mara ya tatu, na hapo mama akageuza uso wake kwangu, yale macho yasiyoona yakanielekea sawasawa. Akasikiliza hadi kofi la mwisho likaisha.

Kisha mama yangu, aliyenijua kwa kidole hicho nikiwa nje ya uzio, miaka ishirini na mitatu sasa, akamuuliza Kornel kwa upole kabisa:

"Nani huyo?"

Kornel alinitazama mimi, akingoja nilitaje jina langu.